Ukuta Umeliwa na Nani?

Ukuta ukianza kumomonyoka kwa chini, rangi ikajikunja kama ngozi ya kitunguu na unga mweupe ukachomoza kwenye lipu, watu wa pwani husema umeliwa na chumvi. Usemi huo una ukweli wa kikemia. Maji hupanda ndani ya tofali kupitia vitundu vyembamba, na kadiri kitundu kilivyo chembamba ndivyo yanavyopanda juu zaidi. Hubeba chumvi ya ardhini, au ile iliyokuja na mchanga wa bahari, na yanapokauka karibu na uso wa ukuta huiacha pale. Chumvi hugeuka fuwele, fuwele hukua, lipu hukatika punje kwa punje. Kwa hiyo chumvi ni mlaji kweli. Lakini sentensi ile ina mlaji na ina mwenye kuliwa, haina mpakuaji. Nani aliyeuandaa ukuta huu hadi ukawa chakula? Miaka minane imepita tangu msingi ufunikwe, fundi amehamia mji mwingine, mwenye nyumba ameshauza, na anayekohoa chumbani ni mpangaji ambaye siku ile nyumba inajengwa hakuwa akijua hata jina la mtaa. Je, kosa lililofukiwa siku ile bado ni la aliyelifukia? Nitadai kwamba ni lake lote, kwamba muda hauchukui hata chembe yake, na kwamba uzito wake wa kimaadili hautoki kwenye maji bali kwenye kitendo cha kufunika.

Kwanza tuelewane kuhusu maji yenyewe, maana hoja ya maadili isiyoijua kazi ya mikono huishia kuwa porojo. Nyumba ya saruji huzaliwa ikiwa imelowa. Mfuko wa kilo 50 ukichanganywa na maji ya nusu ya uzito wake huchukua lita 25, na saruji hufunga kikemia takriban nusu tu ya maji hayo. Yaliyobaki hayana budi kutoka, na hayana haraka. Kanuni ya kukadiria ni kwamba zege hukauka kiasi cha sentimita mbili na nusu kwa mwezi, hivyo jamvi la sentimita 10 linadai kama miezi minne, ilhali familia inataka kuhamia kabla ya Idi au Krismasi. Hapo vigae hubandikwa juu ya zege bichi, rangi ya mafuta hupakwa juu ya lipu mbichi, na maji yaliyokuwa yakitafuta mlango hufungiwa ndani. Kisha yako maji ya ardhini, ambayo hayaishi. Dawa yake si siri: karatasi ya nailoni nzito au utandu wa lami, ule ambao mafundi huuita kwa herufi tu, DPC, ulazwe kwa upana wote wa ukuta, angalau milimita 150 juu ya usawa wa ardhi ya nje, na nailoni nyingine itandazwe chini ya jamvi. Gharama yake ni ndogo mno ukiilinganisha na ya nyumba nzima. Makosa yanayoiharibu nayo ni madogo. Nailoni hutandazwa juu ya mawe yenye ncha bila mchanga wa kulainisha, ikatobolewa na toroli kabla zege halijamwagwa. Vipande viwili huachwa vigusane tu badala ya kupandana. Lipu ya nje hushushwa hadi chini ikaivuka karatasi na kuyapa maji daraja. Au kazi imefanywa vizuri kabisa, kisha baada ya miaka mitatu mwenye nyumba anajaza udongo uani au kujenga kibaraza kinachozidi ile karatasi kwa kimo, na maji yanapita juu yake kama mtu anayeruka ua uliofukiwa. Kwa asubuhi moja tu, kati ya kutandazwa na kufunikwa, karatasi ile huonekana na macho. Baada ya hapo aliyefunika ndiye shahidi wa mwisho.

Kuna tukio katika mapokeo ya Kiislamu, lililomo katika Sahihi Muslim, ambalo wahubiri hulitaja sana wanapozungumzia biashara. Mtume (S.A.W.) alipita penye lundo la nafaka sokoni, akaingiza mkono wake ndani, vidole vikagusa majimaji. Akamuuliza mwenye mali kulikoni. Mtu yule akajibu kuwa nafaka ilinyeshewa. Akaulizwa kwa nini basi hakuiweka iliyolowa juu, watu wakaiona. Kisha ikafuata ile hukumu mashuhuri ya kumtenga mwenye kughushi. Mtu anayeshughulika na nyumba anapaswa kulisoma tukio hili polepole kuliko mfanyabiashara, kwa sababu ni kesi ya unyevu. Utetezi wa muuzaji ulikuwa wa kweli. Mvua ilinyesha, na hakuna aliyemwambia kwamba amedanganya kuhusu mvua. Hukumu haikuyaangukia maji, iliuangukia mpangilio: kikavu juu, kilicholowa chini. Nyumba iliyopigwa lipu laini juu ya tofali linalonyonya ni lundo lile lile. Tena ni lundo baya zaidi, maana mnunuzi wa nafaka ana mkono na anaweza kuuingiza. Mnunuzi wa nyumba hawezi kuingiza mkono ukutani bila nyundo, na hakuna muuzaji atakayemruhusu apige nyundo. Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Kadiri mtu mwingine anavyokosa njia ya kujua, ndivyo wajibu wa anayejua unavyoongezeka. Watu wengi huishi kwa kanuni ya kinyume: kisichoonekana hakidaiwi.

Mafakihi walijenga juu ya wazo hilo haki inayoitwa khiyari ya aibu, yaani mnunuzi aliyekuta kasoro ya zamani iliyofichika katika alichonunua ana hiari ya kukirudisha. Neno lenyewe linastahili kutazamwa. Katika Kiarabu ni kasoro ya kitu: ngamia mchechemeaji, kitambaa chenye tundu. Kwa Kiswahili cha kila siku limehama kutoka kwenye kitu likaenda kukaa usoni mwa mtu. Tofali bovu halina aibu. Mwenye aibu ni yule anayetazamwa. Sijui msamiati mwingine unaoieleza safari hii kwa ufupi kiasi hicho, kwamba kasoro iliyomo katika kazi haibaki katika kazi. Ila lugha ina hatari yake pia. Kwa kuwa aibu tumeifungamanisha na macho ya watu, ni rahisi kuamini kwamba pasipo macho hakuna aibu, na lipu inayokuja saa nane mchana inakuwa stara ya fundi kuliko ya ukuta.

Pingamizi la kwanza ni la haki, na husemwa na watu wenye huruma. Fundi hakujua. Alijifunza kazi kwa kumtazama fundi mwingine, ambaye naye alimtazama mwingine, na hakuna aliyemweleza kwa nini karatasi ilazwe pale na si pale. Nakubali kwamba ujinga wa kweli hupunguza lawama. Sikubali kwamba huimaliza. Anayepokea ujira kwa jina la fundi amekwisha kutoa dai la kujua, na watu wamemwachia nyumba kwa dai hilo. Fiqhi inamtoza dhamana mtu anayetibu bila kujulikana kuwa ni tabibu, akimdhuru mgonjwa. Sioni kwa nini mwenye kutibu msingi asamehewe kirahisi zaidi. Lakini kuna jibu lenye uzito kuliko hilo. Mengi ya makosa haya hayatokani na kutojua jambo gumu. Hakuna saidia fundi asiyejua kwamba nailoni iliyotoboka imetoboka. Tundu lilionekana, na pengine lilichekwa. Kilichofuata kilikuwa uamuzi wa sekunde chache: kusimamisha mchanganyiko wa zege uliokuwa tayari, au kumwaga. Kumwaga hakukuwa ujinga.

Tena tuwafikirie mafundi wawili waliomwaga zege juu ya tundu la aina moja, siku moja. Mmoja amejenga juu ya kilima cha mchanga mkavu, na ukuta wake hautalia kamwe. Mwingine amejenga bondeni, na baada ya masika ya pili nyumba yake ina fangasi hadi kimo cha kiuno. Jamii itamlaumu wa pili na kumsifu wa kwanza. Wanafalsafa wameliita jambo hili bahati ya kimaadili na wamelibishania kwa miongo. Mimi naona uamuzi wao ulikuwa mmoja, na kwamba sifa ya wa kwanza ni mkopo aliopewa na mchanga. Deni la fidia linaweza kutofautiana, kwa sababu madhara ni tofauti na fidia hufuata madhara. Kosa halitofautiani. Asemaye kwamba fundi wa kilimani hakukosea kwa kuwa hakuna kilichoharibika anauachia udongo kazi ya kuhukumu dhamiri.

Pingamizi la pili ni kubwa zaidi kwetu, maana huja likiwa limevaa kanzu. Ni kudra. Pwani ndivyo ilivyo, bahari iko karibu, Mungu ndiye aliyeumba maji na chumvi, binadamu atafanya nini? Kwa kulijibu hili sihitaji kumtoa Mungu katika jambo; nahitaji kulisoma andiko linalomtia ndani moja kwa moja. Sura ya 14 ya Kitabu cha Mambo ya Walawi ina sheria nzima kuhusu pigo la nyumba, madoa ya kijani au mekundu yanayoonekana kuingia ndani ya ukuta, na wasomaji wengi wa leo huyaona kuwa kuvu. Andiko linasema wazi kwamba ni Mungu anayelitia pigo hilo. Mtu angetegemea baada ya hapo amri ya kusujudu na kusubiri. Badala yake inafuata kazi ambayo mkaguzi yeyote wa majengo angeitambua: mwenye nyumba aende kutoa taarifa, vyombo vitolewe kabla kuhani hajaingia, nyumba ifungwe siku 7 kisha itazamwe tena, mawe yenye madoa yang'olewe na kutupwa nje ya mji, kuta zikwanguliwe ndani pande zote, mawe mapya yatiwe na lipu mpya ipigwe. Doa likirudi baada ya hayo yote, nyumba ibomolewe, mawe, miti na udongo wake. Kwa maneno mengine, kulihusisha jambo na Mungu hakukuwa sababu ya kuacha kukwangua. Na kuna kitu ambacho sheria ile haikukiruhusu hata kidogo, nacho ni kupaka rangi juu ya doa na kuendelea kukaa. Anayesema kudra huku ameshika brashi ameichukua nusu ya imani iliyo nyepesi kubeba.

Muda ndio mficho mkubwa kuliko lipu. Methali yetu inasema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ni methali njema kwa nyufa. Inamzungumzia mtu anayeiona hatari ikiwa ndogo na kuipuuza. Unyevu hautoi ufa. Hutoa miaka mitano ya amani, sita, kumi, na katika miaka hiyo ukuta husifiwa. Ndiyo sababu watu huhisi kwamba madhara ya mbali ni mepesi. Mwanafalsafa Mwingereza Derek Parfit, katika kitabu chake cha 1984, alitoa mfano wa mtu anayeacha vipande vya chupa msituni, na mtoto akakatwa navyo baada ya miaka 100. Mtoto huyo hakuwa amezaliwa chupa ilipoachwa. Je, jeraha lake ni dogo kwa sababu hiyo? Jibu liko wazi mno hata swali linaonekana la kitoto, na bado tunajenga kana kwamba hatujalisikia. Torati ililiweka jambo hilo kwa njia ya kazi: ajengaye nyumba mpya aweke ukingo juu ya paa, mtu asije akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba. Haijasema mtu gani. Ni yeyote atakayepanda pale siku yoyote, naye ana haki kwa mjenzi ambaye hatamwona kamwe. Nailoni chini ya jamvi ni ukingo wa namna hiyo, kwa mtu atakayelala sakafuni.

Hapa mtu wa mahesabu atauliza: lawama ni ya nani hasa, maana nyumba haijengwi na mtu mmoja? Mchoraji alichora, fundi akajenga, mwenye mali aliagiza bei ndogo, mkaguzi alipita barabarani. New Zealand inatoa mfano mkubwa. Katika miaka ya 1990 nchi hiyo ilijaza nyumba za mbao zilizopigwa lipu nyembamba kwa nje, nyingi zikiwa na paa zisizo na upenu wa kutosha wa kuukinga ukuta na mvua, na ndani yake mbao ambazo hazikuwa zimetiwa dawa. Maji yaliingia kwenye viungo, hayakuwa na njia ya kutoka, na mbao zikaoza nyuma ya uso uliokuwa mzuri. Makadirio yaliyofanywa kwa ajili ya serikali mwaka 2009 yalitaja nyumba zipatazo 42,000 na gharama ya dola za nchi hiyo bilioni 11.3. Kundi la uchunguzi lililofanya kazi mwaka 2002 liliona kasoro katika mfumo mzima. Nadhani liliona sawasawa, na nadhani neno hilo mfumo limetumika vibaya tangu hapo. Mfumo ni jina la wajibu mwingi uliopangwa kwa safu, kila mmoja akiwa mzima. Watu wanne wakibeba jeneza na kila mmoja akaamua kuwa wenzake watatu wanatosha, hakuna aliyebeba robo. Sheria ya huko iliweka ukomo wa miaka 10 tangu kosa litendeke ili mtu aweze kudai. Mahakama zinahitaji ukomo wa namna hiyo, kwa kuwa mashahidi husahau na hati hupotea. Ila ukomo ni wa kudai. Wa kudaiwa hauko humo. Mwaka wa kumi na moja ukuta ukioza, kilichokwisha ni uwezo wa hakimu tu.

Kuhusu umaskini niseme tofauti. Sehemu kubwa ya nyumba zetu hujengwa kidogo kidogo, msingi mwaka huu, kuta mwaka kesho kutwa, bati Mungu akijalia. Kuta husimama wazi masika na vuli, tofali zenye matundu zikijaa maji kama vikombe. Mwenye nyumba hiyo hajamghushi mtu. Kama anajijengea mwenyewe na anajua anachokosa, amechagua mzigo, na mtu ana haki ya kuchagua mizigo yake, ingawa hana haki kamili ya kuwachagulia watoto mapafu yao. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2009 unaihusisha nyumba yenye unyevu na kuvu na pumu na maradhi mengine ya njia ya hewa. Bado, nani atamlaumu aliyejenga kwa alichonacho? Ninachokataa ni umaskini kutumiwa kama utetezi wa kazi isiyohitaji fedha: kuacha lipu ikauke, kukataa mchanga wa ufukweni, kuchimba mtaro wa kuyaondoa maji ya bati, kumwambia anayekuja kukaa.

Pingamizi la mwisho linatoka Unguja na Lamu, na linanipendeza kwa sababu lina historia. Majumba ya Mji Mkongwe, ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na ya Lamu, mwaka 2001, hayana nailoni wala DPC, na mengi yamesimama kwa karne na zaidi kando ya bahari ile ile inayosingiziwa. Je, wazee wale walikosa uaminifu? Walikuwa na uaminifu wa namna nyingine. Kuta zao nene za mawe ya matumbawe zilijengwa na kupigwa lipu kwa chokaa, na chokaa hupumua: maji yanayopanda hupata njia ya kutoka juu ya uso wote wa ukuta, na lipu yenyewe hukubali kuliwa kidogo kidogo ili jiwe lisiliwe, kisha hupakwa upya. Nyumba ile haikudai kwamba ni kavu. Ilionyesha unyevu wake, ikampa mwenye nyumba kazi ya kila mara. Iliyoanza kuziua baadhi ya kuta hizo ni lipu ya saruji, ngumu na isiyopitisha hewa vizuri, iliyopigwa juu ya chokaa kwa nia njema ya kuimarisha. Maji yakakosa pa kutokea mbele, yakarudi ndani na kupanda juu, na chumvi ikaanza kulimega jiwe lenyewe nyuma ya ganda gumu. Kwa hiyo pingamizi hili linanisaidia. Wajibu haukuwa kamwe wa kutumia karatasi fulani. Ulikuwa ni kuyajua maji yanapita wapi na kutomficha njia yake atakayeishi nayo.

Na anayeishi nayo, mara nyingi, ndiye anayeishia kulaumiwa. Mpangaji akilalamika huambiwa kwamba anapika ndani, anaanika nguo ndani, hafungui madirisha. Kuna wakati ni kweli. Mvuke wa nyumbani hugeuka maji kwenye pembe baridi na nyuma ya kabati, na kuvu lake huwa jeusi, bila ile chumvi na bila ule mstari wa maji unaochorwa kimo cha kiunoni. Anayetaka kujua tofauti ataijua kwa kutazama. Huko Rochdale, Uingereza, mtoto wa miaka miwili alifariki Desemba 2020, na Novemba 2022 mchunguzi wa vifo akaamua kwamba chanzo kilikuwa kuishi muda mrefu katika nyumba yenye kuvu isiyopitisha hewa vizuri. Baba yake alikuwa amelalamika kwa miaka mitatu. Aliambiwa apake rangi juu yake, na mtindo wa maisha wa familia ukadhaniwa kuwa ndio tatizo.

Imebaki kesi moja ngumu, nayo ni ya kawaida kuliko zote. Mtu alinunua nyumba kwa nia safi, akadanganywa na lipu mpya, na sasa ukuta umeanza kulia. Hakuijenga. Alilipa bei ya nyumba kavu. Akisema ukweli atauza kwa hasara, na hasara hiyo si tunda la kosa lake. Mbele yake kuna ndoo ya rangi na mnunuzi anayekuja Jumamosi. Atasema, na atakuwa mkweli, kwamba maji haya hakuyaleta yeye. Muuzaji wa nafaka naye hakuileta mvua.